Maswali na Majibu: Mtenda Ni Nani Katika Sentensi Yako ya Kiingereza?

Mwalimu, shikamoo. Niliandika "Walking to Ngamiani, the rain soaked me", nikakatwa alama. Kosa liko wapi, ilhali "Nikitembea kwenda Ngamiani, mvua ilinilowesha" ni Kiswahili sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Chumbageni)

Marahaba. Kiswahili chako kimesimama kwa sababu ya kiambishi "ni-" kilichomo katika "nikitembea": mtenda amekwisha kutajwa ndani ya kitenzi chenyewe, hivyo kishazi kinachofuata kinaweza kuwa na kiima kingine pasipo msomaji kupotea. "Walking" haina kiambishi cha nafsi. Msomaji wa Kiingereza humtafuta mtenda baada ya koma, na nomino ya kwanza anayoikuta pale ndiyo anayoikabidhi kitendo. Katika sentensi yako ameikuta mvua, basi mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda Ngamiani. Ama umlete mtenda mahali pake, "Walking to Ngamiani, I was soaked by the rain", ama ukipe kishazi cha kwanza kiima chake, "As I was walking to Ngamiani, the rain soaked me". Kwa mtahiniwa ninaipendelea ya pili, kwa kuwa haimwachi mtenda abahatishwe. Vile vijitabu vya kujiandaa na mitihani vinavyofundisha kwamba kazi ni kufuta "I was" na kubakiza "-ing" vinatoa nusu tu ya kanuni, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaponza watoto wetu kila mwaka.

Je, kanuni hiyo inahusu pia sentensi kama "Brought from Florida in 1893, the Germans planted sisal near Pangani"? (Mwongoza watalii, Pangani)

Inahusu, tena kwa uzito zaidi. Sentensi hiyo inasema kwamba Wajerumani ndio walioletwa kutoka Florida, ilhali kilicholetwa ni mkonge, na aliyeuleta ni Richard Hindorf. Andika "Brought from Florida in 1893, sisal was planted near Pangani". Mgeni asiyeijua historia ya mkoa wetu atayaamini maneno kama yalivyoandikwa, kwa hiyo ninakusihi uyapitie upya maelezo yote unayowagawia watalii kabla ya kuyachapisha tena.

Nichague "Studying in Lushoto for four years, she returned to Tanga" au "Having studied"? (Msomaji wa Korogwe)

"Having studied", kwa kuwa masomo yalikwisha kabla ya kurudi. Umbo la "-ing" peke yake hufaa vitendo vinavyokwenda pamoja au vinavyofuatana papo hapo.

Kwa nini "The book which I bought it is lost" si sahihi? (Wasomaji kadhaa)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na linaendelea kuletwa na watu wasiosoma majibu. Futa "it". Kiambishi "-ki-" cha "nilichokinunua" ni mali ya Kiswahili. Katika Kiingereza "which" imekwisha kuishika nafasi hiyo. Vivyo hivyo, "The man who came he is my uncle" haihitaji "he", kwa kuwa "the man" ndiyo kiima cha "is".

"Considering the distance, the fare is low": nauli ndiyo inayofikiri? (Mwalimu wa Muheza)

Hapana, "considering" hutumika hapo kama kihusishi, na haidai mtenda.

Ninaomba kazi ya ukarani. Nimeandika "Working at the port for six years, the containers were checked by me, knowing all procedures". Je, sentensi ndefu itampendeza mwajiri? (Kijana wa Raskazone)

Haitampendeza, kwa kuwa makontena yako ndiyo yaliyofanya kazi bandarini miaka sita na ndiyo yanayojua taratibu zote. Mwajiri anatafuta kujua wewe ulifanya nini, nawe umejificha mwishoni mwa "by me". Andika "I worked at the port for six years, checking containers. I know the procedures". Hapo "checking" imemfuata "I", na mtenda ni wewe. Kabla ya kuituma barua, zipitie sentensi nyingine zote kwa jicho hilo hilo, na kila utakapoikuta "by me", irudishe "I" mwanzoni.