Unaenda komyuniti koleji kusomea unesi? Chukua historia kwanza

Kila ikikaribia Agosti naulizwa swali lile lile, wengi ni wadogo zangu waliofika hapa Texas juzi juzi, wamechoka kubeba boksi na wanautaka unesi: semesta ya kwanza nichukue nini? Na karibu wote wanataka waingie moja kwa moja kwenye A&P, yaani anatomia na fiziolojia, maana ndiyo inasikika kama unesi wenyewe, halafu historia ya Marekani wanaisukuma mwisho huko, "ya kazi gani hiyo, mimi naenda kuchoma sindano". Mimi nasema geuza. Anza na historia, iweke pamoja na Medikali Terminoloji, yaani somo la istilahi za kitabibu, sayansi nzito zije baadaye.

Kwanza kuna suala la tarehe, na hili advaiza wengi hawakwambii mpaka uulize. Programu nyingi za unesi huku zinakubali sayansi ulizosoma ndani ya miaka kama 5 hivi, ukipitiliza unarudia hata kama ulipata A. Sasa sisi wenye kazi, wenye watoto, wenye nyumbani wanaosubiri M-Pesa, hatumalizi kwa spidi ya mtoto wa miaka 18 anayelala kwa mama yake. Tunachukua masomo mawili semesta hii, moja ijayo, mara dharura umesimama kabisa. Ukiianza A&P leo, siku unaomba nafasi ya unesi krediti zako zinaweza kuwa zimeshaharibika kama maziwa kwenye friji. Historia haina expaya. Basi ile isiyooza itangulie.

Na usidanganywe kwamba utaikwepa. Ni kweli kwenye programu nyingi za unesi za miaka miwili hutaiona kwenye orodha ya masomo, lakini siku ukitaka BSN, yaani digrii ya kwanza ya unesi, sheria ya Texas kwa vyuo vya serikali inadai krediti 6 za historia ya Marekani. Kawaida ni HIST 1301 inayoishia 1877, na HIST 1302 inayoendelea kuanzia hapo, na krediti 3 kati ya hizo unaruhusiwa kuziziba kwa historia ya Texas yenyewe. Kwamba ulipata A ya History fomu siksi haisaidii hapa, Majimaji na Mkutano wa Berlin havimo kwenye hizo krediti, pole sana.

Halafu kuna namna ya kusoma, na kwangu hili ndilo kubwa. Sisi tumekulia kwenye desa. Utangulizi, hoja sita, hitimisho, umemeza notisi unatapika kwenye karatasi, mwalimu anapiga tiki. Huku profesa alitupa karatasi moja fupi tu, Amri ya Jenerali Namba 3, iliyotolewa na Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini pale Galveston tarehe 19 Juni 1865, hapo hapo chini ya Houston, kama saa moja kwa gari. Ndiyo asili ya Juneteenth, sikukuu ya kumbukumbu ya mwisho wa utumwa. Rais Lincoln alishatangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tangu 1 Januari 1863, lakini Texas ilibidi jeshi lije, miaka miwili na nusu baadaye. Profesa akauliza inasema nini? Darasa zima: uhuru! Akasema someni mpaka chini. Chini kule waliokuwa watumwa wanashauriwa watulie pale pale wanapoishi wafanye kazi kwa mshahara, wanaambiwa hawataruhusiwa kujikusanya kwenye kambi za jeshi, na wakikaa bila kazi hakuna atakayewalisha. Sasa andika kurasa mbili: nani anaongea, anaongea na nani, anaogopa nini, na kila unachodai onesha ni maneno gani ya kwenye hiyo amri yaliyokupa. Hapo desa haliingii popote, aisee.

Unaweza kuona ni usumbufu, lakini hiyo ndiyo chati ya mgonjwa. Mimi nafanya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, na huruhusiwi kuandika "mama huyu leo ana hasira". Unaandika amekataa chakula cha mchana, amesukuma trei, amesema maneno haya na haya, saa ngapi. Ulichokiona na ulichokisikia. Maoni yako baki nayo. Na mitihani ya unesi yenyewe haiulizi tu jina la kitu, inakupa kihadithi kirefu halafu majibu manne yote yanafanana na ukweli, ukiwa hujazoea kusoma Kiingereza kirefu kwa makini unaanguka hata kama mifupa yote 206 unaijua.

Pia mambo yenyewe yanakutana. Kwenye 1301 utakutana na Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston kwa mchungaji Cotton Mather, ndiye aliyemweleza bwana wake jinsi kwao walivyokuwa wakichanja mtu kwa usaha wa ndui ili asiugue vibaya. Ndui ilipoingia Boston 1721, daktari Zabdiel Boylston akaijaribu kwa watu zaidi ya 240, wakafa 6, wakati walioipata kwa njia ya kawaida karibu mmoja katika kila saba alikufa. Kwenye 1302 utakutana na Tuskegee, Alabama: kuanzia 1932 hadi 1972 serikali iliwafuatilia kiutafiti wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wana kaswende, na hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida miaka ya 40 mwishoni hawakupewa. Halafu kwenye darasa la utangulizi wa afya unapewa fomu za ridhaa ya mgonjwa unakariri tu, bila kujua kwamba kelele za Tuskegee ndizo zilizoleta sheria ya 1974 ya kulinda watu kwenye utafiti. Sasa mzee mweusi wa miaka 85 akikwambia hataki sindano yenu, wewe mwenye historia kichwani hukimbilii kusema ni mbishi. Unakaa chini unamwamkia, unamuuliza anahofia nini, halafu unamwita nesi.

Na 1965 ishike vizuri, inakuja kwenye historia na kwenye darasa la afya. Rais Johnson alisaini Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo, Julai mwaka huo, na Oktoba akasaini sheria ya uhamiaji iliyoondoa mgawo wa kibaguzi wa mataifa. Hela ya Medicare ndiyo iliyobana hospitali za kusini ziache kutenga wodi za weusi na weupe.

Basi ukifika A&P, badilisha gia. Huko kusoma tu kitabu na kupiga mistari ya njano hakusaidii kitu. Chukua karatasi nyeupe uchore moyo bila kuangalia popote: damu inaingia na vena kava, atiria ya kulia, vali ya trikaspidi, ventrikali ya kulia, ateri ya palmonari, mapafu, inarudi na vena za palmonari, atiria ya kushoto, vali ya mitrali, ventrikali ya kushoto, aota. Ukikwama, usifungue kitabu haraka, kaa na hicho kikwazo kidogo ndio uangalie. Mweleze mtu kwa Kiswahili, mimi nilikuwa namweleza mume wangu akiwa anapika, mpaka leo anaijua vali ya mitrali kuliko mimi. Ila kuandika fanya kwa Kiingereza, maana kwenye mtihani wa labu unazunguka meza kwa meza, kuna kipini kimechomekwa kwenye modeli, dakika moja, unaandika jina, muda ukiisha unasogea, na maprofesa wengi wanakata maksi kwa spelingi. Hapo ndipo Medikali Terminoloji uliyoisoma mapema inakulipa, nusu ya majina unayasoma tu yanajieleza.

Usichukue A&P ya wiki 8, na ya samaa ndiyo kabisa usiguse kama una shifti za usiku. Historia ya wiki 8 mtandaoni inawezekana ukiwa msomaji. Vitabu usinunue mpaka uone silabasi, OpenStax ya Rice University, hapa hapa Houston, ina cha historia ya Marekani na cha anatomia, bure kabisa, na maprofesa wengi wanavikubali. Kabla hujadropu somo, yaani kuliacha katikati, kumbuka Texas kwenye vyuo vya serikali ina kikomo cha madropu 6 kwa maisha yako yote ya digrii ya kwanza, na Pell, ile ruzuku ya ada ya serikali, nayo inaangalia umemaliza masomo mangapi kati ya uliyoanza, kwa hiyo nenda kwanza tutoring, yaani msaada wa masomo pale chuoni, umeshailipia kwenye ada yako. Kuhusu CLEP, mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani, ndiyo, unaweza kufanya mtihani mmoja ukaruka 1301. Kama Kiingereza chako cha kuandika kimesimama, ruka. Kama bado, kaa darasani uandike hizo esei, na kabla hujalipa hiyo CLEP iulize programu ya unesi unayoitaka kama wanaipokea, kwa imeili, jibu likae kwenye maandishi.