MUULIZE FUNDI: Landrova ya marehemu baba imeliwa na kutu, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, marehemu baba katuachia Landrova 109 Series III ya petroli, imekaa ubavuni mwa nyumba chini ya mwarobaini tangu mzee alipoanza kuumwa. Ukiiangalia bodi bado nzima kabisa imepauka rangi tu, ila juzi mdogo wangu kakanyaga upande wa dereva mguu ukatokea chini, alafu injini haizunguki. Mimi, wadogo zangu wawili na binamu yetu anayechomelea mageti tumeamua tuifufue wenyewe hapahapa nyumbani, wikiendi kwa wikiendi, na rangi ya kijani tumeshanunua. Shangazi anasema tuwape watu wa skrepa tugawane hela. Tuanze na nini? – Mtoto wa Mzee, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Hiyo rangi irudisheni stoo, ni kazi ya mwisho kabisa, mkiipaka sasa hivi mtakuja kuikwangua wenyewe.

Kabla ya spana kuna kadi ya gari. Kama bado inasoma jina la marehemu basi gari ni ya mirathi, sio yenu nyie wanne, kwa hiyo kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, muende Mahakama ya Mwanzo apatikane msimamizi wa mirathi, na shangazi awepo kikaoni aseme lake. Najua inachosha, ila gari ikiwa kutu tupu hakuna anayeitaka, ikishapendeza ndugu wanaota kama uyoga, na aliyenunua vyuma anabaki anahesabu risiti.

Sasa kutu yenyewe. Watu wanaamini Landrova haishiki kutu na ni kweli nusu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana, ndio maana mabati ya nje karibu yote ni aluminiamu na ndio maana yenu kwa juu inaonekana nzima. Chesisi lakini ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, wenye dashibodi na pa kuwekea miguu, nao ni chuma, hapo ndipo alipopita mdogo wako. Chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, tope linaingia, hewa ya chumvi inaingia, vitundu vya kutolea maji vinaziba, basi inaoza kutokea ndani huku kwa nje inang'aa rangi nyeusi. Kwa hiyo msiitazame, igongeni. Chukua nyundo ndogo ulale chini uipitie yote kuanzia bampa ya mbele mpaka boriti ya nyuma kabisa, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na sehemu nyingine nyundo inazama kabisa. Kila penye wasiwasi piga alama ya chaki. Angalieni zaidi ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale springi zinapofungwa. Pa springi pakiwa pameoza msimpe binamu wa mageti, anisamehe, hapo panataka fundi wa chesisi aliyezoea, maana springi ikiachia kwenye mteremko haijali undugu.

Kwingine kote binamu anaweza, ila akate mpaka akutane na chuma kizima ndo aunge, kubandika bati jipya juu ya kutu ni kuifunika tu, ndani inaendelea kula. Gari ikae juu ya stendi imara na usawa, jeki peke yake hapana, na ile mikono ya chesisi aibadilishe mmoja mmoja, akikata yote kwa mpigo chesisi inapinda na milango haitafunga tena maisha. Kabla hajawasha mashine betri ifunguliwe, tangi la mafuta litolewe liende mbali, na lenyewe msilichomelee hata kama limekaa kavu miaka, mvuke wa petroli unabaki na unalipuka. Mkirudisha bodi, kila aluminiamu inapogusana na chuma mtakuta unga mweupe, hizo metali mbili zikikutana na maji ya chumvi zinalana, wekeni rangi pande zote mbili au kipande cha mpira katikati. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya aluminiamu ni tofauti na ya chuma, mwenye duka akikwambia zote sawa toka hapo nenda duka lingine.

Injini kutozunguka isiwatishe, mara nyingi ringi za pistoni zimegandana na silinda tu. Toeni plagi zote nne, mimina mchanganyiko wa dizeli na ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kidogo kidogo kila silinda, acheni hata wiki mkiongezea, alafu tumieni hendeli ya mbele kuitikisa taratibu huku na huku. Msiivute na gari nyingine eti iachie, mtapinda koniroda, ile mikono inayoshika pistoni, na hapo mtalia. Siku mkija kuiwasha kwa hendeli dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, injini ikirudi nyuma dole lililozungushia hendeli linavunjika. Breki sitaki mjadala, raba zote, mipira yote na breki fluidi mpya, ile ya zamani imeshavuta maji na wili silinda, vile visilinda vya breki kwenye magurudumu, zitakuwa zina kutu kwa ndani.

Na kwa vile mnafanyia nyumbani, watoto wasikae karibu siku ya msasa. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na breki shuu za enzi hizo zina asbestosi, vumbi lake baya kwa mapafu, kwa hiyo msipulize ngoma za breki na kompresa, lowesheni vumbi mfute na kitambaa mkitupe, na msasa uwe wa maji. Asiyejua spana mpeni kazi ya simu: apige picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, bolti ziende kwenye mifuko yenye majina. Bolti ndogo zenye kutu loweka kwenye siki usiku mzima, asubuhi piga brashi ya waya, suuza na maji ya magadi, kausha na upake oili hapohapo, ukienda kunywa chai kwanza unakuta zimeshaanza wekundu tena.

Shangazi mwambieni skrepa wananunua kwa kilo, na aluminiamu ni nyepesi.

SWALI: Fundi hujambo. Tuna Volkswagen Beetle ya babu hapa Mombasa, watoto na baba yao wanaitengeneza jioni jioni. Chini ya kiti cha nyuma sakafu imetoboka upande mmoja tu, mzee wangu anataka kuweka plaiwudi na zulia juu, ati haionekani. Ni sawa? – Mama Watoto, Mombasa

JIBU: Sijambo mama. Sio sawa hata kidogo. Hapo palipotoboka ni upande wa kulia, sivyo? Betri ya Beetle inakaa hapo chini ya kiti, asidi imedondoka miaka na miaka imekula sakafu. Plaiwudi italowa asidi na betri itacheza, na kuna hatari kubwa zaidi, springi za kiti zikibonyea zikagusa vichwa vya betri kiti kinashika moto na watoto wamekikalia. Wakate pale paliooza wachomelee bati jipya, wasafishe eneo lote na maji ya magadi kwanza kuua asidi, wapake praima na rangi, betri ifungwe na mkanda wake na juu iwe na kifuniko cha plastiki au mpira. Wakiwa hapo wachunguze na zile njia za hewa ya moto zinazopita chini ya milango pande zote, hizo ndo zinaoza kimyakimya na ndo zinashika bodi. Inafaa kuhangaikia, hizi gari zilishinda Safari Rally mwaka 1954 na tena 1962 kwenye matope ambayo gari za siku hizi zingeomba msaada.

SWALI: Niaje fundi, marafiki zangu wawili wamenisaidia Datsun yangu bure tangu mwanzo, sasa inawaka na kila mmoja anaitaka kwa ajili ya harusi za kwao, tena wikiendi moja. Nifanyeje? – Bwana Datsun, Mwanza

JIBU: Poa. Hakuna cha bure ndugu yangu, wamelipwa ahadi. Harusi ya kwanza kutoa kadi ndo ya kwanza kupata gari, ya pili mpe tarehe nyingine au umchangie hela ya kukodi, na kote dereva uwe wewe. Tena kabla ya maua na riboni badilisha mpira wa rejeta, msafara wa harusi unaenda mwendo wa kinyonga na Datsun ikichemka mbele ya matarumbeta utakuwa kwenye kila simu ya mtaa.