Injini ya Trekta la Nyasi Inafuka Moshi: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Swali. Bwana Mhariri, ninasimamia uwanja na bustani za shule moja ya hapa Lubumbashi. Nyasi tunazikata kwa trekta dogo la kukalia, lenye injini ya Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu za farasi 17.5. Tangu mvua zilipoanza, injini hiyo inatoa moshi wa buluu mfululizo, inakula oili, na inazidiwa na nyasi ambazo zamani ilizikata bila taabu. Fundi wa kwanza amesema ringi za pistoni zimekwisha na silinda ni lazima ichongwe upya. Fundi wa pili ametushauri tusipoteze fedha, bali tufunge injini ya jenereta, ambayo mjini inapatikana kwa bei nafuu. Kamati ya wazazi inataka jibu moja kabla ya kutoa dola. Tumfuate nani?
*Msimamizi wa bustani, Kampemba*

Jibu. Baba Msimamizi, kwa sasa msimfuate hata mmoja. Fundi wa kwanza huenda amesema kweli, ila amehukumu kabla ya kupima. Wa pili amekosea, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Moshi wa buluu unatuambia jambo moja tu, kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Hautuambii imeingia kwa njia gani. Kwa hiyo, kabla ya kulegeza boliti yoyote, chomoeni kijiti cha kupimia oili, mkitazame na kukinusa. Ikiwa oili imepanda juu ya alama na inanuka esanse (petroli), kosa liko kwenye kabureta: sindano inayozuia esanse haifungi vizuri, esanse inateremka polepole hadi kwenye oili, na injini isiyo na ubovu mwingine wowote inafuka kama tanuru la makaa. Trekta lililolala miezi yote ya kiangazi, tangu Mei hadi mvua za kwanza, hupatwa kwa urahisi na shida hiyo, kwa kuwa esanse iliyokaa muda mrefu huacha utando mahali sindano inapokaa. Kagueni pia tundu la kupumulia la injini, maana likiziba, shinikizo la ndani huisukuma oili mahali isipotakiwa.

Hayo yote yakiwa salama, mtuhumiwa wangu wa kwanza bado si ringi, bali ni gasketi ya kichwa cha silinda. Katika injini hizi zenye vali juu, kuna ukuta mwembamba kati ya silinda na nafasi vinamopita vijiti vinavyosukuma vali, na gasketi hupenda kuungua hapo hapo. Ikiungua, gesi ya mwako huingia kwenye chumba cha oili, na dalili zote hufanana na za ringi zilizokwisha: moshi, oili kupungua, nguvu kushuka. Hakuna kinachovuja nje wala sauti isiyo ya kawaida, kwa hiyo fundi mwenye haraka hurukia silinda moja kwa moja. Gasketi ni kipande cha bei ndogo, na kuibadilisha hakuhitaji hata kuitoa injini kwenye fremu.

Fundi akileta kipimo cha kawaida cha mgandamizo, msikitegemee sana. Injini hizi zina kifaa kwenye mhimili wa vali kinachoachia sehemu ya mgandamizo wakati wa kuwasha, ili stata isilemewe, na kwa sababu hiyo namba huonekana ndogo hata kama injini ni nzima. Njia ya kuaminika zaidi ni kupuliza hewa. Ondoeni buji (plagi ya cheche), fikisheni pistoni juu kabisa wakati vali zote mbili zimefungwa, ishikeni krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imara kwa sababu hewa itataka kuizungusha, kisha ingizeni hewa kupitia tundu la buji. Kompresa ya kwado (fundi wa matairi) yeyote wa jirani inatosha. Halafu sikilizeni. Hewa ikitokea kwenye kabureta, vali ya kuingizia haifungi. Ikitokea kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea. Na ikitokea kwa wingi pale panapomiminiwa oili, ni gasketi au ni ringi, na sasa kuna sababu ya kufungua kichwa.

Kichwa kikitoka, gasketi yenyewe itasema, kwa maana palipoungua panaonekana kwa macho. Wekeni rula iliyonyooka juu ya uso wa kichwa mwone kama kimepinda, kwa sababu kilichopinda kitaiunguza na gasketi mpya. Mkirudisha, kazeni boliti kwa spana yenye kipimo, kwa hatua na kwa kupishana, kisha rekebisheni nafasi za vali: takriban milimita 0.10 kwa ya kuingizia na 0.15 kwa ya kutolea.

Ikiwa gasketi ni nzima, ndipo zamu ya silinda inafika, na hapo msikubali maneno, daini vipimo. Kwa kawaida ya mtengenezaji, silinda huchongwa ikiwa imepanuka kupita milimita 0.08, au ikiwa imepoteza uviringo kupita milimita 0.04 kwa silinda ya chuma na 0.06 kwa ya alumini. Lubumbashi ni mji wa migodi, na mafundi wa tona (mashine ya kuchonga vyuma) wenye maikromita hawakosekani. Waambieni tu mapema kama silinda yenu ni ya alumini tupu au ina bomba la chuma ndani, kwa kuwa kazi hizo mbili hazifanani. Mikwaruzo ya wima iliyofifia humaanisha vumbi limepita, na mjini kwetu, ambako udongo mwekundu huingia kila mahali, chujio la hewa lililochanika linaweza kuiua injini ndani ya msimu mmoja. Silinda isipopita mipaka hiyo, inatosha kuipitishia mawe ya kukwaruza na kuweka ringi mpya. Baada ya hapo ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Ikioshwa kwa esanse peke yake, unga wa mawe hubaki kwenye vinyweleo vya chuma na kuzila ringi mpya.

Kinachoamua hasa kati ya kutengeneza na kubadilisha ni krankshafti. Bieli ya injini hizi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, ni ya alumini na huzunguka moja kwa moja juu ya krankshafti bila beringi katikati, kwa hiyo injini iliyowahi kukaukiwa oili huwa na alumini iliyoyeyuka na kuganda pale. Ikiwa ni utando tu, husafishwa. Ikiwa chuma chenyewe kimechimbika, bei ya krankshafti, bieli, pistoni na gasketi zote hukaribia ya injini, na mimi ningeacha. Vivyo hivyo ikiwa bieli imekatika na kutoboa ukuta wa injini: wapo watakaojitolea kuuchomelea, na washukuruni kwa heshima, lakini msiwape kazi. Kipimo changu ni kwamba matengenezo yakivuka nusu ya bei ya injini mpya, fedha ziende kwenye mpya, mradi giaboksi na sahani ya visu bado ni nzima.

Sasa injini ya jenereta. Injini za jenereta na za pampu, zile za mtindo wa Honda GX, zina krankshafti iliyolala. Trekta lenu linahitaji krankshafti iliyosimama na kutokeza chini, kwa sababu puli za magurudumu na za visu ziko chini ya fremu. Mkiipindua injini ya jenereta ili mhimili wake utazame chini, kijiko kinachorusha oili ndani yake hakitaifikia tena, na boya la kabureta halitakaa sawa. Injini haitadumu. Tena GX200 ina ujazo wa sentimita 196 tu, ilhali yenu inakaribia 500.

Mkilazimika kununua, tafuteni injini ya mhimili wima na mlinganishe na ya zamani kipenyo cha mhimili, ambacho kwa trekta nyingi ni milimita 25.4, urefu wake, mfereji wa ufunguo, matundu manne ya kufungia, na upande ekzosi inakotokea. Kabla ya kuagiza, nakilini namba zilizopigwa kwenye injini. Tarakimu mbili za kwanza za modeli ni ukubwa kwa inchi za ujazo (31 ni takriban sentimita 500), na mbili za kwanza za msimbo ni mwaka wa kutengenezwa. Mzigo ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa ukiwa si wenyewe, kuurudisha ni gharama nyingine. Kumbukeni pia kwamba tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na injini ya esanse hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo ya farasi 17.5 hapa hufanya kazi kama ya 15, na ndogo kuliko hiyo italemewa.

Puli ya zamani itolewe kwa kivutio, si kwa nyundo. Waya wa kuzimia, ambao kazi yake ni kupeleka umeme wa buji kwenye fremu, usiunganishwe kamwe na chanya ya betri, kwani koili itaungua siku hiyo hiyo.

Swali. Nimefungiwa injini mpya kwenye trekta langu. Je, niipe oili gani, na ni kweli niiendeshe polepole mwanzoni?
*Mama wa Golf, Lubumbashi*

Jibu. Mama, kwa joto letu SAE 30 inafaa. 10W-30 pia hukubaliwa, ila joto likipita nyuzi 27 injini inaweza kuila zaidi. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa tano hadi nane za kazi, kisha kila baada ya saa 50. Kuhusu mwendo, punguza kasi ya trekta kwa gia, lakini akselereta ya injini iache juu wakati wa kukata, kwa sababu feni inayoipoza imefungwa kwenye injini yenyewe na hupuliza kidogo injini ikizunguka polepole. Nyasi zinazonasa chini ya bati la feni ziondolewe mara kwa mara, hata kama kwa nje hazionekani.