Noah ya zamani au AZR60?

Mkuu, umeuliza Toyota Noah ipi inafaa kubeba abiria kwenye vilima vya udongo. Mimi nachukua SR40, ile ya zamani ya 1996 hadi 2001. Inasukuma kwa matairi ya nyuma, na ikijaa watu uzito unalalia hukohuko, hivyo kilima inakipanda vizuri. AZR60 iliyoingia mwaka 2001 inavuta kwa mbele; ukiijaza, pua inakuwa nyepesi na matairi yanazunguka bure kwenye tope. Ila ndani ni raha, sakafu iko chini, hata bibi anapanda bila kushikwa mkono. SR40 injini iko chini ya viti vya mbele: fundi lazima anyanyue kiti, na lile joto la makalio safari ndefu utalijua mwenyewe. Kama ni lami tu, chukua AZR60.