Alamu ya wezi ya kujifungia mwenyewe: panga kwanza, nunua baadaye

Tangu nifunge alamu isiyotumia waya nyumbani kwangu Tudor, Mombasa, na baadaye kwa mamangu kule Mji wa Kale, jamaa na majirani huniuliza swali lile lile: ninunue ya aina gani? Nami huwauliza kwanza: ikilia saa nane usiku, ni nani atakayetoka?

Alamu haimkamati mwizi. Inamtisha akimbie, na inawaamsha watu. Hiyo kazi ya pili ndiyo huharibika upesi. Ikilia bure mara mbili tatu kwa sababu ya paka au pazia, jirani hugeuka upande wa pili akaendelea kulala, na wewe mwenyewe unaanza kuizima usiku ili watoto wasishtuke. Hapo pesa zako zimepotea. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mipango yangu huwa ni kuzuia isilie ovyo, na mambo yanayoiliza ovyo hapa Mombasa hayamo kwenye kijitabu kinachokuja na boksi.

Chukua karatasi uchore nyumba yako: milango yote, madirisha, ngazi, ua wa nyuma, dari. Giza likiingia toka nje uizunguke kama mtu anayetafuta pa kuingilia. Taa ya barabarani inaishia wapi? Kuna tangi la maji au ukuta wa jirani ambao mtu akiupanda anafika dirishani? Kisha shika kila grili uitikise kwa mkono. Hewa yetu ya chumvi hula chuma kwa ndani huku rangi ya juu ikibaki inang'aa, na kitako cha grili kilichooza huonekana kizima mpaka uivute. Ukikuta moja inacheza, mwite fundi wa kuchomelea kabla hujaenda kuuliza bei ya alamu. Sensa, yaani kile kifaa cha alamu kinachohisi mlango ukifunguka au mtu akipita, haifanyi kazi ya grili.

Ukishajua njia anazoweza kupita, anza kulinda kwenye milango na madirisha. Watu wengi hukimbilia sensa za mwendo kwa kuwa moja inatosha sebule nzima, lakini ile hulia mtu akiwa tayari ndani. Mimi, nikiwa nimelala na familia, nataka kujua wakati mlango unafunguliwa.

Sensa ya mlango ni vipande viwili: sumaku upande mmoja, na upande wa pili kisanduku chenye betri na swichi ndogo iliyofungiwa ndani ya kioo. Mlango ukifunguka, sumaku inakwenda mbali, swichi inabadilika, ishara inarushwa kwa paneli, yaani kile kisanduku kikuu cha alamu kinachopokea ishara za sensa zote na kuliza king'ora. Mlango ukiwa umefungwa, vipande hivyo vikae karibu, pengo lisizidi sentimita moja hivi. Kwenye mlango wa chuma mambo hubadilika, kwa sababu chuma huvuta nguvu ya sumaku na kudhoofisha mawimbi ya redio pia. Weka kipande cha mbao au plastiki ngumu chini ya kila upande, kisha ujaribu tena. Na kabla ya kubandika gundi ya pande mbili, pangusa mahali hapo kwa spiriti. Unyevu wa huku hufumua gundi. Penye uwezekano mimi hutumia skrubu.

Mlango unaocheza kwenye fremu urekebishwe kwanza. Upepo wa kusi ukivuma, mlango wenye komeo legevu hutingishika usiku kucha, na pengo la sumaku likiwa limekaa mpakani, alamu italia bila mtu yeyote kuugusa.

Sasa sensa za mwendo. Zile za kawaida hazirushi kitu chochote chumbani kumtafuta mtu. Zinapokea joto la miili na kutazama linavyohama kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine. Ndiyo maana humwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Ifunge pembeni mwa chumba, kimo cha mita mbili hivi, ili mtu akiingia alazimike kukatiza. Usiielekeze dirisha linalopigwa na jua, feni, wala pazia linalopepea. Na kwa kuwa inalinganisha joto la mtu na la chumba, chumba chenye paa la mabati mchana wa Februari huifanya iwe dhaifu, maana ukuta na ngozi ya mtu vinakaribiana joto. Chumba cha namna hiyo usikiachie sensa ya mwendo peke yake.

Kisha kuna mjusi kafiri. Jirani yangu alinipigia simu asubuhi moja akiwa amechoka kabisa. "Ndugu yangu, hili dude limelia tena usiku, na milango yote imefungwa." Jioni tukakaa sebuleni kwake, tumeiacha inawaka taa moja tu, ile ya ukutani iliyokuwa karibu na sensa, tukatazama. Wadudu wakajaa kwenye taa. Baada ya muda mjusi akatoka nyuma ya saa ya ukutani akiwafuata, akakatiza juu ya plastiki nyeupe ya sensa, na kile kitaa chekundu kikawaka. Kiumbe mdogo akipita juu kabisa ya plastiki hiyo, sensa humwona mkubwa. Tukaihamishia pembe nyingine mbali na taa, tukaziba kwa silikoni matundu ya nyuma ambamo sisimizi na vijusi huingia. Tatizo likaisha. Paka nao wafikiriwe, na mji huu una paka wengi: zipo sensa zilizotengenezwa zisiwajali wanyama wadogo, ila paka akipanda juu ya kabati karibu na sensa, atailiza tu.

Fikiria pia watu wa nyumbani wanavyoishi usiku. Kwetu mzee hutoka kwenda kuswali alfajiri msikitini, na mwezi wa Ramadhani nyumba nzima inaamka kula daku. Paneli nyingi huwashwa kwa namna mbili: kamili, nyumba ikiwa tupu, na nusu, ambapo milango inalindwa lakini sensa za mwendo za ndani zinapumzika. Tumia hiyo ya pili mkilala. Mlango ambao mzee hutokea upe muda wa kusubiri kabla king'ora hakijalia, sekunde 30 zinatosha, na rimoti uitundike pale pale anapochukua kofia yake.

Kwa mamangu shida ilikuwa kuta. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo redio hupenya kwa taabu. Boksi likiandikwa mita 100, hizo ni mita za mahali peupe. Sensa nyingi za bei ya kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, ambayo hupenya ukuta vizuri kuliko Wi-Fi ya kawaida ya gigahezi 2.4, lakini nayo ina kikomo. Kwa hiyo nilibandika kila sensa kwa selotepu kwanza, nikafunga milango yote ya ndani, nikafungua mlango mmoja baada ya mwingine huku ndugu yangu akiitazama paneli. Mahali pazuri pa paneli palikuwa kwenye ukumbi wa juu karibu na ngazi, katikati ya nyumba, mbali na jokofu na mabati, na mtu aliye mlangoni haioni. Waya wa antena uliachwa umenyooka. King'ora cha nje ukitaka kukifunga kwenye uso wa nyumba huko, uliza kwanza, maana ni eneo la hifadhi. Na milango ile ya nakshi usiitoboe kabisa. Kwa mamangu sensa imekaa upande wa ndani, juu ya ubao mwembamba.

Stima ikipotea, ruta ya intaneti hufa, na alamu inayotegemea Wi-Fi peke yake haiwezi kukupigia simu. Chagua paneli yenye betri yake ya ndani na nafasi ya laini ya simu. Laini hiyo itoe PIN ukiwa bado umeiweka kwenye simu, uitilie kredi, na uhakikishe inatumika mara kwa mara, kwa kuwa laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Ukinunua, uliza pia kama rimoti hubadilisha msimbo kila inapobonyezwa. Zile zinazorusha msimbo ule ule siku zote zinaweza kunaswa na kurudiwa na mtu mwenye kifaa. Uliza vilevile betri za sensa ni za namna gani, na kama zinapatikana madukani hapa mjini.

Narudi kwa lile swali la nani atatoka. Kabla sijawasha king'ora mara ya kwanza nilikwenda kwa majirani mlango kwa mlango, nikawasikilizisha sauti yake mchana, tukakubaliana: kikilia, washeni taa za nje, chungulieni, pigeni simu. Namba ya polisi ni 999 au 112. Tulikubaliana pia kwamba mwenye nyumba hatoki nje. Hilo nalisisitiza sana, hasa kwa vijana: usitoke na panga gizani kumkabili mtu usiyemjua ana nini mkononi. Wakusanye watoto chumba kimoja, funga mlango, piga simu, acha king'ora kilie. Mamangu ana kitufe cha dharura kando ya kitanda. Akikibonyeza, king'ora kinalia hata alamu ikiwa imezimwa, na paneli inanipigia mimi na binamu yangu anayekaa mtaa wa pili.

Majirani wale wale ndio hunisaidia kuijaribu. Mwanzo wa kila mwezi natuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp kuwaarifu, kisha nafungua kila mlango alamu ikiwa imewashwa, na kuchomoa paneli kwenye soketi nione kama betri inaishikilia. Sensa zilizo upande wa baharini nazifungua na kutazama vile vispringi vya betri; vikianza kuota ukijani navisugua kwa msasa laini. Ndani ya kila kifuniko nimeandika kwa kalamu tarehe niliyobadilisha betri.