Muulize Fundi: Watu sita chumba kimoja, ninunue hedifoni gani?

*Shikamoo Fundi. Niko mwaka wa pili, nakaa hosteli. Kwa karatasi chumba chetu ni cha watu wanne, lakini kuna wawili wanabebwa, kwa hiyo tuko sita. Mmoja anaongea na mchumba wake kwenye simu mpaka saa saba usiku. Mwingine anaangalia tamthilia bila kuvaa chochote masikioni. Feni ya dari nayo inanguruma kama mashine ya kukoboa. Bumu likiingia nimetenga Sh 80,000 ninunue hedifoni kubwa za kuzima kelele nipige msuli kwa amani kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Rafiki yangu ananishauri nichukue podi ndogo zisizo na waya. Nifuate lipi?*
*Mpenda Usingizi, Dar es Salaam*

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Umenitajia kelele tatu: mchumba, tamthilia na feni. Mbili ni za midomo ya watu, moja ni ya mota. Hizo hedifoni unazozitamani ni bingwa wa mota. Midomo zinakuachia wewe.

Nikueleze zinavyofanya kazi. Ndani yake kuna maiki ndogo inayosikiliza kelele ya nje, na sakiti inayotengeneza sauti iliyo kinyume na ile kelele: wimbi la nje likipanda, la kwake linashuka. Yakikutana sikioni yanamalizana. Si uchawi wa juzi. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya wazo hilo Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Ulaya kurudi Boston, alichoshwa na mlio wa injini uliokuwa unameza muziki wake, akaanza kupiga hesabu za hedifoni humohumo angani. Zingatia kwamba alikuwa kwenye ndege. Injini inanguruma vilevile saa nane mfululizo, sauti nzito isiyobadilika, na sakiti inaipatia bila shida. Feni yako nayo ni ya ukoo huohuo.

Maneno ya mtu hayako hivyo. "S", "t", "ch" na "k" ni sauti nyembamba, zinakuja na kuondoka kabla sakiti haijajipanga. Matokeo yake nimeyaona kwa mteja wangu mmoja, mwanafunzi kama wewe, aliyerudi hapa mezani amenuna. Alinunua hedifoni za maana kwa pesa nyingi, akaziwasha chumbani, feni ikanyamaza kabisa, na umbea wa kitanda cha chini ukamfikia neno kwa neno. Kumbe siku zote feni ndiyo iliyokuwa inamfunikia.

Halafu kuna bei. Zile ambazo sakiti yake inafanya kazi kweli, za kampuni zenye jina, zinakwenda mbali kupita Sh 80,000 yako. Kwa pesa hiyo utapata boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba kelele zitazimika. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua dazeni nzima kwa muuzaji wa jumla, nikaamini boksi. Wateja walipoanza kurudi nilipasua moja kwa bisibisi: maiki ilikuwa moja tu, ya kupigia simu, na swichi ya kuzima kelele ilikuwa inawasha taa ya bluu. Taa tu. Pesa yangu sikurudishiwa. Kwa hiyo siku ukitaka kuzinunua, simama karibu na feni au jenereta ya dukani, zivae bila muziki, kisha uwashe hiyo swichi. Mngurumo usipozama papo hapo, rudisha kwenye boksi useme asante.

Sasa unachohitaji. Midomo ya watu haizimwi kwa umeme, inazibiwa mlango. Nunua iafoni za waya, zile za kudumbukiza ndani ya tundu la sikio, zenye mipira laini ya kubadilisha. (Vitabuni wanaziita visikilizi. Ukitamka hivyo Kariakoo utauziwa kifaa cha daktari.) Usichukue zile za plastiki tupu zinazoning'inia mlangoni pa sikio. Hazizibi kitu, na ndizo zinazokufanya upandishe sauti kushinda tamthilia ya mwenzio.

Ndani ya boksi utakuta mipira ya saizi tatu. Hapa watu wengi wanatupa pesa, maana wanabaki na ile ya kati iliyokuja imeshavalishwa. Fanya hivi. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, ushike sikio la kulia kwa juu, livute kwenda juu na nyuma kidogo. Kwa mkono wa kulia ingiza iafoni huku unaizungusha taratibu, kisha uachie sikio. Fumba mdomo, guna "mmm". Mguno ukivuma ndani ya kichwa kama umeinamia mtungi, umeziba. Ukiusikia kawaida tu, badilisha mpira. Usishangae kulia likataka wa kati na kushoto likataka mdogo, masikio ya mtu mmoja huwa hayalingani. Mimi mwenyewe la kushoto ni dogo, niligundua nikiwa na miaka zaidi ya thelathini na niko kwenye kazi hii.

Ukiziba vizuri utajikuta unashusha sauti ya simu bila kuambiwa, na hapo ndipo mimi ninapopapenda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa nne ni usiku mmoja wa msuli. Sikio likishaharibika kwa njia hiyo hakuna fundi wa kulilehemu.

Kuhusu podi za rafiki yako (wengi mnaziita eapodi hata kama Apple haijawahi kuziona), sizichukii. Ila nihesabie: soketi ngapi kwa watu sita? Podi nyingi ndogo zinakaa saa nne mpaka sita zikiwa sikioni, kisha zinataka kurudi kwenye kasha, na kasha nalo linataka chaja. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, waya hauulizi. Tena unalala kitanda cha juu cha dabodeka au cha chini? Kama ni cha juu, siku podi moja itakapodondoka usiku utaitafuta kwa tochi miguuni mwa watu watano. Na zile za bei rahisi karibu zote zinajitangaza kwenye Bluetooth kwa jina lilelile. Kuna kijana alinisimulia alivyounganisha simu yake akidhani ni podi zake, kumbe ni za mwenzake aliyekuwa anaswali pembeni.

Hedifoni kubwa za kufunika sikio, zisizo na hizo sakiti, nazo zinaziba kiasi. Lakini kwa joto la Dar, kufikia saa moja ya kusoma sikio limeshaloa, na ile ngozi ya plastiki ikinyweshwa jasho miezi kadhaa inabanduka vipande vyeusi vinavyokung'ang'ania shavuni. Kama unavaa miwani ndiyo kabisa, mkono wa miwani unainua ukingo na kelele inapita hapo.

Kwa majirani zangu hapa, iafoni nzuri ya waya yenye mipira unaipata kati ya Sh 15,000 na 30,000. Kabla hujalipa angalia simu yako: tundu la duara la milimita 3.5 lipo? Simu nyingi siku hizi hazina, basi chukua yenye pini ya Type-C, na ujue pini hiyo huenda isiingie kwenye kompyuta yako ya zamani. Inayobaki, nenda famasi au duka la vifaa vya ujenzi ununue vizibo vya sponji vya masikio. Hivyo ndivyo vya kulalia. Unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, unakiingiza, unakishikilia kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe chenyewe. Usilale na iafoni. Ukigeuka ubavu inakuchoma, na waya shingoni usiku sitaki hata kuufikiria. Ila hakikisha yupo wa kukuamsha, maana kengele ya simu nayo hutaisikia vizuri.

Zilizobaki hapo ni zaidi ya Sh 40,000. Bumu likichelewa utanikumbuka.

*Fundi habari. Iafoni yangu upande wa kushoto umekufa. Nikiukunja waya karibu na pini unarudi, nikiuachia unapotea. Nitupe?*
*Mwaka wa kwanza, Morogoro*

Usitupe kijana wangu. Umeshanipa ugonjwa wote: waya umekatika ndani, sentimita moja au mbili juu ya pini, pale unapokunjwa kila siku ukiweka simu mfukoni. Iafoni nyingi za waya zinafia hapohapo, spika zake bado nzima.

Fundi ataikata sehemu hiyo aweke pini mpya. Mwambie aweke yenye pete tatu nyeusi, akiweka ya pete mbili utasikia muziki lakini maiki itakuwa imekufa. Ndani atakuta nyuzi nyembamba kama nywele. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Rangi hiyo ni vanishi, ndiyo inayozuia nyuzi zisigusane, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Hapa ndipo unapomjua fundi. Anayejua ataichoma kwanza ncha ya uzi kwa chuma cha kulehemu na tone la risasi, mpaka moshi mdogo utoke na ncha ing'ae fedha. Asiyejua atabandika risasi juu ya vanishi, itaimba pale mezani kwake na kunyamaza ukifika geti la chuo.

Ukirudishiwa, jaribu kabla hujalipa: muziki wa kushoto, wa kulia, halafu piga simu.

*Shikamoo Fundi. Mimi shida yangu ni nyingine. Mwenzangu wa chumba anavaa hedifoni kubwa za gharama, anajiona mstaarabu, lakini kila wimbo wake nausikia mpaka maneno. Zimeharibika?*
*Nimechoka, Dodoma*

Marahaba. Nadhani ni nzima kabisa. Zitazame kwa nyuma, upande usiogusa sikio. Ukiona wavu au vitundu vingi, hizo zimetengenezwa wazi makusudi. Zinapumua, muziki wake unasikika mpana, wapenzi wa studio wanazililia. Ila zinatoa sauti nje karibu sawa na zinavyoiingiza ndani. Mwenye chumba chake peke yake anazifaidi. Aliyekaa na watu angechukua zenye mgongo uliofungwa.

Kama mgongo umefungwa, basi tatizo ni kwamba anafungulia sana, au sponji zimechakaa na ukingo haukai. Mwombe azibane vikombe viwili kwa pamoja huku wimbo unapiga kwa sauti yake ya kawaida, wewe ukae hatua mbili. Ukisikia maneno, naye atasikia unavyosikia, na hapo hakuna ugomvi. Mfanyie mchana. Usimwamshe saa nane usiku kumfundisha fizikia.

Walkman ya kwanza ya Sony, ya mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza muziki unashuka ili wewe na mwenzako mzungumze. Watu waliotengeneza ile mashine walishafikiria kwamba pembeni yako kuna mtu. Kama nyimbo zake unazipenda, nunueni kigawanyo, kile kiwaya chenye mguu mmoja na matundu mawili, msikilize wote.

*Fundi, wenzangu wananiazima iafoni zangu kila siku, siwezi kukataa. Kuna madhara?*
*Mpole, Mwanza*

Nta ya sikio inahama na mpira, na fangasi wa sikio akiwepo anaweza kuhama naye. Acha kuazimisha mpira, azimisha waya. Ile mipira ya saizi mbili usiyoitumia iko bado ndani ya boksi, kila mwenzako achague wake auweke kwenye kijimfuko chake, akija kuazima avalishe wake kwanza. Wako uvue mara moja kwa wiki, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke kabisa ndipo uurudishe. Kile kiwavu kidogo kwenye mdomo wa spika usikitie maji, kisugue kikiwa kimeangalia chini kwa mswaki mkavu ambao hutautumia tena. Na kama ile mipira mikubwa kabisa hakuna wa kuivaa hapo chumbani, niletee ukipita Dar. Kuna mzee jirani yangu wa meza ya saa, kila wiki anapoteza mpira wa kulia.