Barua kwa mwanangu: kila kazi inamngoja nani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu na kumbusu mjukuu wetu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwaka ndio huu umeanza, riwaya imekwama sura ya kumi na moja, kitabu cha watoto kinangoja michoro, na wale watu wa redio wanataka tamthilia yao mwisho wa Februari. Ukishika moja, roho inakusuta kwa zile nyingine. Unauliza uache mbili ubaki na moja, au uende nazo zote. Halafu mwishoni, kama mtu anayepita njia, umegusia kitabu cha mapishi ya bibi yako.

Nianze na hicho cha mapishi. Usikianze.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari ya mashairi yangu. Mwaka 1986, nikiwa mpiga chapa Dar es Salaam, msimamizi wetu aliniruhusu kuchapa diwani yangu usiku kwa karatasi za mabaki. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, ruhusa hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Unajua kitabu kinavyozaliwa: karatasi moja kubwa huchapwa pande zote mbili, ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16. Diwani yangu ilikuwa ya kurasa 96, yaani mikunjo sita. Nilichapa minne. Kisha mwalimu mmoja akaniambia vitendawili vya watoto ndivyo vinavyotoka, nikaiweka diwani kando nikashika vitendawili. Sijafika nusu, nikaanza mchezo wa kuigiza. Mikunjo yangu ikalala stoo. Masika yakaja, bati likavuja, na kilichoachwa na maji kikaliwa na mchwa. Siku niliyofungua mlango ule nilikuta rundo limeshikana kama mkate uliolowa, na juu kabisa beti mbili za kwanza zinasomeka, wino safi. Nililia, mwanangu. Aliyejua ni mama yako peke yake, na sasa wewe.

Tangu hapo naamini kwamba kazi iliyomo daftarini inaweza kungoja miaka isiharibike, lakini iliyokwisha kutoka nusu haina subira. Wewe unazo tatu zilizotoka nusu. Sikwambii uache hata moja. Ziangalie tu upya, uone kila moja inamngoja nani.

Kitabu cha watoto kinamngoja mchoraji. Basi wiki hii kaa chini uandike, ukurasa kwa ukurasa, unataka kuona nini: mtoto amesimama wapi, mbuzi ana rangi gani, mvua imeanza au bado. Ni kurasa 32, mikunjo miwili. Mpe maelezo hayo, mpe tarehe na nusu ya fedha yake, halafu mwache afanye kazi. Usihangaike kukiuza mwezi huu, wazazi wako kwenye sare na madaftari. Lenga shule zitakapofunguliwa Januari ijayo, na Septemba kiwe kimefika kiwandani. Miaka yote niliyosimama mtamboni, kuanzia Oktoba tulikuwa hatulali kwa kalenda na shajara, na vitabu vya waandishi wanaojilipia vilisogezwa nyuma kila siku. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, nayo iombe mapema pale Bodi ya Huduma za Maktaba, usingoje jalada liwe tayari.

Tamthilia inawangoja wenye redio, na wao wanakulipa. Iandike jioni, ukishamaliza masomo ya ziada unayofundisha. Makubaliano yawe ya maandishi, na sehemu ya malipo uipate kabla ya kukabidhi. Usiione kazi ndogo, maana hiyo ndiyo itakayomlipa mchoraji.

Riwaya inakungoja wewe tu. Hakuna anayeidai, ndiyo maana kila siku ndiyo inayoibiwa saa zake. Ipe alfajiri, kabla hujagusa simu, kabla mtoto hajaamka. Ukurasa mmoja unatosha. Na usiyaone masomo ya ziada kuwa adui yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Januari mosi 1909 hapa kwetu Vibambani, aliajiriwa karani wa serikali mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyaandika akiwa na ajira. Alifariki mwaka 1962, lakini vitabu vyake vingine vilitoka baadaye kwa kuwa miswada ilikuwapo. Mswada wako uhifadhi zaidi ya mahali pamoja, tafadhali. Kompyuta moja haitoshi.

Ikifika kupangwa kurasa, uwe macho. Kurasa 208 ni mikunjo 13 kamili. Zikifika 210 utalipia karatasi ya ziada kwa ajili ya kurasa mbili, kwa hiyo kata aya mpaka zirudi. Na usishawishike kuchapa nakala 1,000 eti kila moja inashuka bei. Anza na 300. Nimeona maboksi mengi mno chini ya vitanda vya watu.

Kuhusu bibi yako: kitabu kingoje, yeye hawezi kungoja. Ukija Pasaka, kaa naye jikoni umrekodi kwa simu. Mwache aseme tui la kwanza linaingia wakati gani na chumvi anaipimaje kwa kiganja. Sauti ukishakuwa nayo, andika tarehe, funga, rudi kwenye riwaya.

Ndani ya bahasha hii utakuta mkunjo mmoja wa diwani yangu, niliouchukua nyumbani kabla ya mvua ile. Haujawahi kufunguliwa. Kurasa bado zimeungana juu na ubavuni, hivyo tumia kisu butu, ukate polepole ukifuata mkunjo, usitumie mkasi. Sura ya kumi na mbili ikikamilika niletee niisome. Kalamu nyekundu ninayo.

Baba yako